Manjano ya kopo si manjano ya kinuni

Mwanangu Mfamasia,

Hujambo? Mimi ni mama wa miaka 61, naishi Muheza, nina wajukuu 7 na shamba dogo la michungwa na viungo. Nakuandikia kwa sababu tumbo limenishinda na watu wamezidi kunichanganya.

Tangu mwezi wa tatu tumbo linajaa gesi. Nikila matonge mawili nahisi nimeshiba kama nimetoka harusini, na usiku kiungulia kinanipanda mpaka kooni. Nikaenda kituo cha afya, nikapimwa choo kikubwa, nikaambiwa nina bakteria wa H. pylori. Nikapewa dawa za siku 14, aina tatu, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza tu mdomo ukawa mchungu kama nimelamba shubiri. Siku ya tatu nikaanza kuharisha.

Jirani yangu, tuliyelea watoto pamoja, akaniambia: "Bibi wee, dawa hizo zitakumaliza. Zinaua bakteria wote, wabaya na wazuri." Akanisikilizisha ujumbe wa sauti kwenye simu yake, mtu anaeleza kwamba ndani ya manjano mna kitu kinachowaua bakteria wabaya wa tumbo na kuwalisha wazuri, na kwamba wazungu wameshathibitisha. Ikasadifu mtoto wa dada yangu aliyeko Muscat alikuwa ameniletea makopo mawili ya vidonge vya manjano kwa ajili ya magoti. Kopo limeandikwa miligramu 500, asilimia 95, na pilipili manga imo. Basi siku ya tano nikaziweka pembeni dawa za hospitali, nikaanza vidonge: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Leo ni wiki ya tatu.

Sitasema uongo, mwanangu, kiungulia kimepungua. Gesi bado ipo. Choo kimekuwa laini tena cha njano.

Nataka uniambie kama ni kweli manjano yanawalea hao bakteria wazuri, na kama niendelee. Halafu kuna Mzee. Ana miaka 68, mwaka jana damu iliganda mguuni, tangu hapo anameza warfarini na kila mwezi anakwenda kupimwa. Magoti yanamsumbua kuliko yangu. Ananiomba nimgawie, na kopo la pili halijafunguliwa.

La mwisho usinicheke. Manjano nachimba mwenyewe, nachemsha, naanika, natwanga kinuni. Nayatia kwenye mchuzi tangu nimeolewa. Kama yanatibu tumbo, mbona langu limeumwa? Na juzi nimejimwagia mchuzi kwenye kanga mpya niliyopewa Idi. Nikaisugua kwa sabuni, doa likawa jekundu kama damu. Hilo nalo ni nini?

Mama wa Muheza

*

Shikamoo Mama, na pole kwa tumbo.

Naanza na Mzee. Wewe unaweza kuisoma barua hii taratibu na chai yako mkononi, ila jibu lake yeye ni la leo. Usimpe. Hata kimoja. Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ni dawa inayotembea juu ya kamba: nguvu yake ikizidi kidogo mtu anavuja damu, ikipungua kidogo damu inaganda tena. Ndiyo maana kila mwezi wanampima INR, yaani namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, na kwa mtu aliyeganda damu mguuni huwa wanataka namba ibaki kati ya 2 na 3. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya New Zealand ilitoa tahadhari kuhusu mgonjwa aliyekuwa akitumia warfarini bila tatizo mpaka alipoanza bidhaa ya manjano. INR yake ikakutwa imepita 10. Kwa namba ya namna hiyo mtu anaweza kuvuja damu kichwani bila kuanguka wala kugongwa.

Kama ameshaonja bila wewe kujua (waume zetu tunawajua, dawa ya mwenzake ndiyo humfaa), asisubiri tarehe ya kliniki. Aende akapimwe, na aseme wazi alichomeza. Akiona fizi zinatoka damu, choo cheusi kama lami au mkojo mwekundu, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Mchuzi wako wa siku zote aendelee kula kama alivyozoea, kwa sababu dozi yake ya warfarini ilipangwa akiwa anakula mchuzi huo huo.

Sasa tuje kwako, na nitaanzia kwenye kanga. Sikucheki hata kidogo, maana doa hilo linaeleza habari yote.

Ile njano ya manjano inatokana na kitu kinachoitwa kurkumini, na ndicho anachokisema yule mtu wa ujumbe wa sauti. Wewe umekijua kabla yake, ila hukupewa jina. Chukua unga wako utie kwenye glasi ya maji: utaelea, utazama, maji yatachafuka, lakini hauyeyuki. Utie kwenye mafuta ya moto au kwenye tui linalochemka, na papo hapo mafuta yote yanageuka njano. Kurkumini haipatani na maji, inapatana na mafuta. Sabuni ina magadi ndani yake, na kurkumini ikikutana na magadi inageuka nyekundu. Kanga hiyo ukiianika juani, doa linapauka lenyewe. Kwa hiyo hicho ni kitu kisichotulia: maji hayakiyeyushi, magadi yanakigeuza, jua linakivunja.

Ukikimeza, safari yake ni hiyo hiyo. Ndani ya tumbo la chakula, penye asidi, kinatulia kidogo. Kikishuka kwenye utumbo mwembamba, ambako asidi inapozwa, kinaanza kuvunjika. Kile kidogo kinachofaulu kupenya ukutani, utumbo na ini vinakifunga haraka na kukirudisha nje. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini safi, ambazo ni sawa na vijiko vya chai kama 22 vya manjano ya kawaida. Wakapima damu. Hawakukuta kitu cha maana. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, yaani ule ukali wa pilipili manga, kiasi kilichoonekana kwenye damu kilipanda mara 20. Hiyo pilipili manga ya kwenye kopo lako imetiwa kwa sababu hii, haikutiwa kwa ladha. Nitairudia, kwa kuwa ina kesi yake.

Sasa ile isiyoingia kwenye damu inakwenda wapi? Inashuka mpaka utumbo mpana, na huko ndiko waliko bakteria wako kwa mabilioni. Hapa ndipo jirani yako anapoukaribia ukweli. Manjano na bakteria wa utumbo kweli wanakutana, tena wanakaa pamoja saa nyingi. Choo chako cha njano ni ushahidi kwamba sehemu kubwa ya vidonge ulivyonunuliwa Muscat inatoka kama ilivyoingia.

Lakini kabla ya kuuliza manjano yanawafanya nini bakteria, ujue kwanza bakteria wanayafanya nini manjano. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walichukua bakteria wa choo cha binadamu wakatafuta nani kati yao anaweza kuibadilisha kurkumini. Aliyeongoza ni E. coli. Ndiyo, huyo huyo ambaye ukisikia jina lake redioni unakimbilia kuchemsha maji, ingawa wengi wa ukoo wake wanaishi matumboni mwetu bila kumdhuru mtu. Wakakuta ana kimeng'enya kinachoigeuza kurkumini hatua kwa hatua mpaka inakuwa tetrahaidrokurkumini, kitu kisicho na rangi ya njano kabisa. Jua linafanya kazi yake kwenye kanga, E. coli anafanya ya kwake gizani. Huyo mnayemwita mbaya ndiye mpishi wa manjano yenu, na mimi tangu nisome habari hiyo nimeacha kugawa bakteria mafungu mawili, wazuri huku na wabaya kule, kama kwenye hadithi za watoto.

Na bakteria wanasemaje? Kwa panya majibu ni matamu. Wakilishwa kurkumini nyingi, mara kwa mara wale wa jamii ya Laktobasili na Bifidobakteria, wanaosifiwa kuwa wazuri, wanaongezeka, na ukuta wa utumbo unakuwa imara zaidi. Kwa binadamu utafiti ni mchache na mdogo. Ule uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulikuwa na watu 30 wenye afya, wiki 8, wengine wakipewa vidonge vya manjano, wengine kurkumini, wengine vidonge bandia. Waliopewa kurkumini walielekea kuwa na aina nyingi zaidi za bakteria, lakini kila mtu alibadilika kivyake: bakteria aliyepanda kwa huyu alishuka kwa yule. Kwa watu 30 waliogawanywa mafungu matatu mimi sitafunga mjadala. Yule wa ujumbe wa sauti aliufunga, na "wazungu wameshathibitisha" juu yake.

Sasa kuna jambo ambalo lugha yetu imetuponza. Kiswahili kinatuambia "tumbo" kwa kila kitu: anapoumwa mwenye kidonda, tumbo, anayeharisha, tumbo, mjamzito naye ana tumbo. Hivyo ukisikia "bakteria wa tumbo" unadhani ni mtaa mmoja. Hao wanaokutana na manjano wapo utumbo mpana, chini kabisa. H. pylori wako anaishi juu, kwenye tumbo la chakula, amejichimbia chini ya ute unaolinda ukuta wake, na anatengeneza amonia ya kupoza asidi inayomzunguka. Ni mpangaji wa nyumba nyingine.

Je, manjano yanamuua? Kwenye chupa ya maabara, kurkumini inamzuia asikue, na habari hiyo ndiyo inayozunguka kwenye simu. Watafiti wa Thailand wakaamua kujaribu kwa wagonjwa wenyewe. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Waliopewa dawa mchanganyiko za kawaida walikuwa 19, na 15 kati yao bakteria alitoweka. Waliopewa vidonge vya manjano kwa wiki 4 walikuwa 17. Aliyepona ni mmoja.

Soma tena, Mama. Mmoja kati ya 17.

"Mbona kiungulia kimepungua?" utaniuliza. Nakuamini kwamba kimepungua, na hapo ndipo penye mtego. Thailand hiyo hiyo, mwaka 2023, ilitoa utafiti mwingine mzuri. Watu 206 wenye tumbo kujaa, kushiba haraka na kuungua, ambao hawakuonekana kuwa na ugonjwa mwingine wa kueleza shida hizo, waligawanywa: wengine omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ya miligramu 20, wengine kurkumini mara 4 kwa siku, wengine vyote viwili. Baada ya siku 28 nafuu ya mafungu yote ilikuwa inalingana. Kwa hiyo kurkumini inaweza kupoza moto wa tumbo, na mwenye kusema hivyo hadanganyi. Lakini kupoza moto na kumtoa aliyeuwasha ni kazi mbili. Wewe maumivu yamepoa na mpangaji bado yuko ndani, tena sasa amezimiwa kengele. H. pylori ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo, na tangu mwaka 1994 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umemweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Wengi wanaishi naye bila kufika huko. Ila wewe umeshapimwa, ameonekana, na anakusumbua. Mtu wa namna hiyo anatibiwa.

Kwa hiyo vidonge vya kopo acha leo, kisha rudi kituo kile kile ueleze ukweli wote: nilimeza siku 5, nikaacha, nikatumia hivi kwa wiki tatu, na ulibebe hilo kopo. Usiogope kufokewa. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka 14, na mgonjwa anayenifurahisha ni yule anayekiri, kwa kuwa huyo ndiye ninayeweza kumsaidia. Zile zilizobaki kwenye pakiti usizimalizie mwenyewe. Dozi iliyokatwa katikati inawaacha hai bakteria wagumu, na pengine watakubadilishia dawa kabisa. Waambie habari ya kuharisha pia. Ule uchungu mdomoni unatokana mara nyingi na mojawapo ya hizo dawa, nayo inajulikana kwa hilo; inakera, lakini inaondoka dozi ikiisha. Kuharisha kidogo nako ni kawaida. Kukiwa kwingi, au kukiwa na damu, usisubiri.

Ukimaliza dozi, kuna kipimo cha kuthibitisha, na hapa wengi wanapoteza hela zao. Subiri angalau wiki 4 tangu umeze dawa ya mwisho ya kuua bakteria, na uwe umeacha omeprazo kwa wiki 2, ndipo urudie kipimo cha choo. Ukipima mapema unaweza kuambiwa umepona kumbe bado. Na wakikwambia wapime damu, waulize kama cha choo kipo, kwa sababu cha damu kinaweza kuendelea kuonyesha "unaye" miezi mingi baada ya bakteria kuondoka.

Nilisema nitairudia pilipili manga. Kwanza nikupigie hesabu. Kijiko cha chai cha unga wako kina kama gramu 3, na kurkumini ndani yake ni kama asilimia 3, yaani miligramu 90 hivi. Kijiko hicho ukikitia kwenye sufuria ya watu 6, kila sahani inapata miligramu 15. Kidonge chako kimoja, miligramu 500 kwa asilimia 95, kina miligramu 475. Vitatu kwa siku ni 1,425. Ungekuwa unalamba vijiko karibu 16 vya manjano makavu kila siku ya Mungu, bila wali. Kamati ya wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, FAO na WHO, imeweka kiwango cha kurkumini kwenye chakula kisichozidi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kama una kilo 70 hiyo ni 210. Wewe upo karibu mara 7 ya hapo.

Halafu juu yake wakatia piperini, ambayo kazi yake ni kulifunga mikono ini lisiitoe kurkumini haraka. Ini hilo hilo ndilo linaloshughulikia dawa zako nyingine, na mikono yake ikifungwa haifungwi kwa manjano peke yake. Madaktari wa Marekani wanaofuatilia watu walioumizwa ini na dawa na virutubisho walikusanya, kati ya mwaka 2004 na 2022, wagonjwa 10 walioumizwa na bidhaa za manjano. Watano walilazwa. Mmoja alifariki. Wengi wao walikuwa na aina fulani ya kinasaba, na mtu hajui kama anayo. Italia na Australia nako mamlaka zimetoa tahadhari. Ni wachache ukilinganisha na mamilioni wanaomeza, nakubali. Lakini sijasikia aliyeumia ini kwa mchuzi wa samaki, na sioni kwa nini wewe uingie kwenye bahati nasibu hiyo kwa dawa isiyokutibu. Chukua kioo uangalie weupe wa macho yako kwenye mwanga wa mchana. Ukiona njano, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi iliyokolea, au mwili unawasha bila upele, mwambie daktari apime ini.

Wengine wanaosoma hapa, wenye mawe ya figo au ya nyongo, wanaomeza dawa za sukari, wenye upungufu wa wekundu wa damu, au wanaosubiri upasuaji: haya makopo yanaweza kuwadhuru kwa njia tofauti. Ulizeni kabla.

Kuhusu hao bakteria wako wa utumbo mpana anaowahurumia, jirani ana haki kwa upande mmoja. Dawa za kuua bakteria kweli zinawapiga. Wengi wao wanarudi wenyewe kwa wiki na miezi, na kinachowarudisha ni kula yao. Wao wanakula makapi yetu, yaani nyuzinyuzi tusizoweza kumeng'enya: maharage, kunde, mbaazi, dona, ulezi, matembele, kisamvu. Mtindi na togwa vinasaidia pia. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Kilimanjaro ambao nautamani ungetafsiriwa ukabandikwa kila zahanati. Walichukua wanaume 77. Waliotoka vijijini, waliozoea chakula cha asili, wakawekwa kwenye vyakula vya kizungu kwa wiki 2, vya kukaanga na unga mweupe. Wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha asili. Kundi la tatu wakanywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Waliohamia kwenye chakula cha kizungu damu zao zilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kupanda, na waliorudi kwenye asili, pamoja na wale wa mbege, zilishuka. Sikutumi ukanywe mbege, Mama. Nakutuma kwenye kunde zilizopo shambani kwako, ambazo nina wasiwasi siku hizi wajukuu wanazikimbia wakitaka chipsi.

Na kwa nini tumbo limeumwa ilhali umekula manjano maisha yako yote? H. pylori huambukizwa zaidi utotoni, kwa mate, kwa chakula na maji yaliyochafuliwa, ndani ya familia. Huenda umeishi naye zaidi ya miaka 50, tangu kabla hujashika mwiko wa mumeo. Manjano hayajakusaliti, hayakuwahi kupewa kazi hiyo.

Endelea kuyatwanga. Tena una bahati usiyoijua, ya kuyachimba mwenyewe. Bangladesh kulikuwa na wafanyabiashara waliokuwa wakiyasugua manjano kwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na mwaka 2019 karibu nusu ya sampuli za sokoni, asilimia 47, zilikutwa na risasi. Serikali ikawabana, wakatozwa faini hadharani, na kufikia 2021 haikuonekana hata sampuli moja. Kwa hiyo anayenunua ni bora anunue vidole vizima akatwange nyumbani, kuliko unga unaong'aa kama rangi ya daladala. Wewe kaanga manjano yako kwenye mafuta pamoja na kitunguu, au yapike kwenye tui, na punje chache za pilipili manga hazina neno. Kwenye sufuria ndiko mahali pake.

Kanga uisuuze sabuni yote itoke, uikamulie ndimu kwenye lile jekundu. Litarudi njano, usishtuke. Kisha ianike ikiwa mbichi, doa likiangalia jua la saa sita, leo na kesho. Kama ni kanga ya rangi nzito angalia isipauke yote, uanike sehemu ya doa tu. Na ukipata majibu ya kipimo, niandikie.